Ugonjwa wa Mapovu kwa Wazamiaji wa Malindi na Lamu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazamiaji, manahodha, mabaharia wa boti za wageni, na jamaa wanaobaki nyumbani wakingoja boti irudi. Maswali ni yale yale yanayoulizwa ufuoni na kwenye jeti, na mara nyingi mno kwa simu usiku wa manane, baada ya mtu kuanza kuhisi ganzi. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari. Ikiwa mgonjwa yuko mbele yako sasa hivi, yaache yote na ushuke moja kwa moja hadi swali la "Tuko botini na mtu kaanza kuumwa".

Ugonjwa wenyewe ni nini hasa?

Karibu sehemu nne kwa tano za hewa tunayovuta ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauna kazi nayo. Huingia na kutoka, basi. Chini ya maji mambo hubadilika. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo wa angahewa moja juu ya ile moja tuliyonayo nchi kavu: kwenye mita 10 mwili hubeba angahewa 2, kwenye mita 20 hubeba 3, kwenye mita 30 hubeba 4. Mtungi humpa mzamiaji hewa yenye mgandamizo ule ule wa maji yaliyomzunguka, na naitrojeni huyeyuka kwenye damu, mafuta, maungio na neva. Ukienda chini zaidi inayeyuka nyingi zaidi, na ukikaa zaidi vilevile.

Wakati wa kupanda ile gesi sharti itoke. Fikiria msikiti siku ya Ijumaa. Watu huingia mmoja mmoja kuanzia asubuhi na mlango hauna taabu, lakini wote wakiamua kutoka kwa mkupuo mmoja, mlangoni patakuwa na msukumano na mtu ataumia. Ukipanda polepole, damu hubeba naitrojeni hadi mapafuni nawe ukaitoa kwa pumzi. Ukipanda kwa pupa, inageuka mapovu ikiwa bado ndani ya mishipa na nyama.

Mapovu hayo huziba mishipa midogo, hukandamiza neva na huchubua kuta za mishipa kwa ndani, damu ikaanza kuganda na sehemu zikavimba. Ndiyo maana mtu anaweza kuendelea kuzorota hata baada ya mapovu yenyewe kupungua, na ndiyo maana tiba haingoji.

Nani aliyegundua mambo haya?

Robert Boyle wa Uingereza, katika karne ya 17, alimweka nyoka kwenye chombo, akanyonya hewa, akaona povu likitembea ndani ya jicho la yule nyoka. Katika karne ya 19 wajenzi wa madaraja walifanya kazi kwenye vyumba vilivyoshindiliwa hewa chini ya mito, na wengi wakatoka wamejikunja kwa maumivu. Washington Roebling, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn kule New York, aliugua hivyo akawa anaifuatilia kazi yake akiwa nyumbani. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert akaonyesha kwamba chanzo ni mapovu ya naitrojeni.

Aliyetupa majedwali ya kupanda kwa vituo, yaani kusimama kwa muda kwenye kina fulani kabla ya kuendelea juu, ni John Scott Haldane na wenzake, mwaka 1908, na waliojitolea bila kuulizwa walikuwa mbuzi. Mbuzi akiumwa kiungo hunyanyua mguu, hata mtafiti asiyejua lugha ya mbuzi anaelewa. Kompyuta nyingi zinazovaliwa na wazamiaji leo bado zinapiga hesabu zenye asili katika kazi ile.

Kwa nini kila mwalimu anasisitiza mita 10 za mwisho?

Kwa sababu hapo ndipo mgandamizo unapoporomoka kwa kasi zaidi. Kutoka mita 40 hadi 30 unashuka kutoka angahewa 5 hadi 4, yaani sehemu moja tu kwa tano. Kutoka mita 10 hadi juu unashuka kutoka 2 hadi 1: nusu nzima. Na hapo ndipo watu huwa na haraka, maana wanaliona jua na tumbo la boti. Panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, na usimame kwenye mita 5 kwa dakika tatu hadi tano hata kama kompyuta haijakudai chochote.

Dalili zake ni zipi?

Inayojulikana zaidi ni maumivu mazito ya maungio, hasa bega na kiwiko, na mara nyingine goti. Ni maumivu ya ndani ambayo mtu hawezi kuyaonyesha kwa kidole kimoja, na kuyabonyeza hakuyazidishi sana. Mwingine huwashwa ngozi. Ngozi ikitoka madoa ya zambarau na nyekundu yaliyochorekachoreka kama marumaru, hasa tumboni, mapajani au mgongoni, usiichukulie kama upele. Mara nyingi huandamana na mambo mazito zaidi.

Kuna uchovu pia. Siuzungumzii ule wa kawaida wa siku ya baharini. Ni mtu mzima, aliyelala vizuri, anakaa kwenye benchi ya boti baada ya mbizi moja na hana nguvu hata ya kuvua mapezi. Mabaharia wengi humcheka. Wasimcheke.

Dalili za kutisha ni za neva: ganzi au mchomochomo miguuni, mguu mmoja kuwa mzito, kuyumba, macho kuona ukungu, maneno kuchanganyika, kusahau jambo la dakika tano zilizopita. Kizunguzungu kikali chenye kutapika na mlio masikioni huonyesha kwamba sikio la ndani limeguswa. Wengi hukiita kichefuchefu cha mawimbi. Maumivu ya kiuno yanayozunguka kama mkanda, kisha miguu ikaanza kulegea, huelekeza kwenye uti wa mgongo. Kikohozi kikavu, kifua kubana na pumzi kukatika ni dharura ya kiwango cha juu kabisa.

Na mkojo. Mzamiaji anayehisi amejaa lakini hawezi kukojoa huenda neva za uti wa mgongo zimeathirika. Watu wazima huona haya kulitaja, hasa mbele ya wageni, kwa hiyo mwulize wewe, pembeni, kwa sauti ya chini.

Huanza baada ya muda gani?

Wengi huanza ndani ya saa moja tangu kuibuka, na sehemu kubwa sana ndani ya saa sita. Wachache huchelewa hadi siku ya pili. Dalili zinazokuja mapema, na zinazozidi kila nusu saa, ndizo mbaya zaidi.

Mtu akizimia, akipooza upande mmoja au akitoa povu lenye damu mdomoni ndani ya dakika 10 za kuibuka, shuku jambo la pili, ndugu yake huyu: mapafu yamechanika kwa sababu alizuia pumzi wakati wa kupanda, na hewa imeingia kwenye mishipa ikapanda kichwani. Hili halihitaji kina. Limewahi kutokea hata kwenye mabwawa ya kuogelea. Huduma ya kwanza ni ile ile, ila kwa kasi zaidi.

Bega linaniuma, lakini nilivuta nanga na kupandisha mitungi. Je, si msuli tu?

Huenda ni msuli. Lakini kazi nzito mara tu baada ya mbizi yenyewe huchochea mapovu, kwa hiyo nanga haikuondolei shaka; inaiongeza. Kanuni ninayoishikilia, na ambayo nimewaona watu waangalifu wakiishikilia, ni moja: aliyevuta hewa ya mtungi au ya kompresa (mashine inayomsukumia mzamiaji hewa kwa mpira) chini ya maji, kisha akaumwa na chochote kisicho cha kawaida ndani ya saa 24, ana mapovu mpaka daktari aseme hana. Gharama ya kukosea kwa upande huu ni oksijeni kidogo na aibu kidogo. Gharama ya upande wa pili ni kiti cha magurudumu.

Katika visa vingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa kwanza kukanusha. Atasema ni baridi yabisi, ni usingizi, ni samaki wa jana. Kiongozi wa mbizi ndiye hukanusha kupita wote, kwa kuwa jina lake liko hatarini. Kwa hiyo uamuzi usiachwe mikononi mwa mgonjwa peke yake.

Wazee nyumbani wanasema amepigwa na jini wa baharini. Nifanyeje?

Usibishane nao, ubishi unakula saa ulizonazo. Kijana aliyeondoka asubuhi mzima akarudi jioni miguu imekufa ganzi, na hana jeraha wala homa, anatisha, na kila nyumba hutafuta maelezo kwa lugha inayoijua. Kisomo hakipingani na oksijeni. Anaweza kusomewa huku maski iko usoni na gari limeshawashwa. Kinachomdhuru ni kulazwa nyumbani siku tatu akikandwa kwa mafuta ya mbarika huku neva zikifa. Mwombe mzee anayeheshimika zaidi apande garini. Mkishakuwa naye ndani, hakuna atakayewazuia.

Tuko botini na mtu kaanza kuumwa. Tufanye nini sasa hivi?

Mpe oksijeni safi, mara moja, kabla ya kumaliza kujadili. Tumia maski yenye mfuko, iliyobana vizuri usoni, mtiririko wa lita 15 kwa dakika, na mfuko usisinyae kabisa anapovuta pumzi. Hewa ya mtungi wa kuzamia si oksijeni. Ni hewa hii hii tunayovuta, na haimsaidii. Oksijeni safi huifanya naitrojeni itoke haraka mapafuni, hupunguza mapovu na hulisha sehemu ambazo damu haizifikii. Usimpunguzie ili kubania mtungi. Silinda yenye lita 680 kwa mtiririko huo huisha kwa dakika 45 hivi, kwa hiyo pigeni hesabu ya safari ya kurudi kabla boti haijaondoka asubuhi, si wakati huu.

Mlaze chali, sambamba. Ule ushauri wa zamani wa kuinua miguu juu ya kichwa umeachwa. Akitapika au akizimia, mgeuze ubavu njia ya hewa ibaki wazi. Akiacha kupumua, anzeni kumpulizia na kumkandamiza kifua.

Mvueni nguo za maji, mfunikeni asipate upepo, lakini msimwogeshe maji moto wala kumkanda. Asitembee, asipande ngazi, asibebe chochote. Akiwa na fahamu timamu, hatapiki na anaweza kukojoa, anywe maji au maji ya ORS kidogo kidogo. Pombe hapana. Dawa za maumivu pia hapana mpaka daktari aseme, kwani huficha dalili anazohitaji kuzijua.

Wakati huo huo mtu mwingine apige simu: 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, na wenye bima ya uzamiaji wapige nambari ya dharura ya bima yao. Divers Alert Network wana tawi la kusini mwa Afrika, nao hujibu simu za dharura za wazamiaji na kumwelekeza daktari aliye karibu.

Mwenzake aliyezamia naye asisahauliwe. Alikwenda kina kile kile kwa muda ule ule, mwangalieni naye. Kompyuta ya mgonjwa isizimwe wala kutumiwa tena, isafiri naye.

Nitajuaje kama neva zimeathirika, nami si daktari?

Huhitaji kuwa daktari. Mwulize jina lake, siku ya leo, na tumetoka ufuo gani. Mwambie atabasamu na atoe ulimi; uso ukienda upande, andika. Afuate kidole chako kwa macho bila kugeuza kichwa. Akukamate vidole viwili kwa kila mkono na kubana, ulinganishe kulia na kushoto. Asukume mikono yako kwa nyayo. Mpapase mikononi, tumboni na miguuni ukimwuliza kama anahisi sawasawa pande zote. Mwishowe mwulize kuhusu mkojo. Ni dakika tano tu, na rudia kila baada ya nusu saa au saa moja. Andika saa karibu na kila jibu, hata kwenye gamba la sigara, maana daktari atakayempokea atataka kujua kama hali inapanda au inashuka. Vipimo hivi visicheleweshe oksijeni. Fanya akiwa tayari ana maski.

Kwa nini tusimrudishe chini kidogo, mapovu yayeyuke tena?

Kimawazo inavutia, na baadhi ya wazamiaji wa zamani hujigamba kwamba iliwasaidia. Lakini chini anaongeza naitrojeni juu ya ile iliyomdhuru, hewa haitamtosha kwa saa anazohitaji, na akizimia pale chini atakufa maji. Maji nayo humpoza, na mwili uliopoa hautoi gesi vizuri. Matibabu kamili, ndani ya chumba cha mgandamizo nchi kavu, huchukua karibu saa tano. Nani atakaa naye saa tano kwenye mkondo wa mlango wa Shela?

Chumba cha mgandamizo kiko wapi, na tunamfikishaje?

Kwa miaka mingi kile ambacho wazamiaji wa pwani hii wamekitaja ni cha Jeshi la Wanamaji huko Mtongwe, Mombasa. Kambi ya jeshi haiingiwi kwa kubisha hodi: daktari au kituo cha dharura lazima kipige simu kwanza, kithibitishe kwamba chumba kinafanya kazi siku hiyo na wahudumu wapo. Msifunge safari kwa kudhani.

Kutoka Malindi ni barabara ya kilomita 120 hivi hadi Mombasa, kisha kuvuka kwenda upande wa Likoni, ambako foleni ya kivuko inaweza kula muda kuliko mnavyodhani. Ulizeni njia ya Dongo Kundu, isiyopitia kivuko. Faida ya barabara hii ni kwamba iko chini, karibu na usawa wa bahari, hivyo mapovu hayapanuki njiani.

Lamu ni hadithi nyingine, nami nitaiandika kwa kirefu kwa sababu ndiko mipango huvunjika. Mtu aliyeumwa upande wa Kiwayu au Kizingitini yuko mbali na kila kitu. Kwanza ni boti, na boti ikipiga mawimbi kwa kasi inamtikisa mgonjwa wa uti wa mgongo vibaya. Nahodha apunguze mwendo ingawa moyo unamwambia akimbize. Hospitali ya King Fahd mjini Lamu inaweza kumpa oksijeni, dripu, na mpira wa mkojo akihitaji, na hayo matatu peke yake yanabadilisha mwisho wa safari. Kutoka hapo kuna njia mbili. Moja ni boti hadi jeti ya Mokowe na gari kupitia Witu na Garsen, zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa, barabara ambayo imewahi kuwekewa misafara ya polisi na ambayo usiku hupaswi kuitegemea. Nyingine ni boti hadi Manda na ndege. Ndege ikichaguliwa, sharti iwe na kabini iliyoshindiliwa hewa hadi usawa wa bahari, au iruke chini sana, mita 300 hivi na si zaidi. AMREF Flying Doctors, walioanza mwaka 1957 na wenye makao uwanja wa Wilson, Nairobi, ni miongoni mwa wanaosafirisha wagonjwa kwa ndege nchini. Anayepiga simu aseme wazi tangu sentensi ya kwanza kwamba mgonjwa ni mzamiaji.

Ndiyo maana kwa Lamu ninaona mtungi wa oksijeni botini una thamani kuliko chumba chochote. Chumba kiko mbali saa nyingi, mtungi uko chini ya benchi. Boti inayochukua wazamiaji wenye mitungi bila oksijeni safi ingestahili kubaki imefungwa ufuoni, na mgeni ana haki ya kuuliza aonyeshwe kabla hajalipa. Aonyeshwe mtungi, geji inayosoma, na maski ambayo haijaliwa na panya.

Wanafanya nini ndani ya chumba?

Mgonjwa hukaa au hulala ndani, mgandamizo ukapandishwa hadi angahewa 2.8, sawa na kina cha mita 18, akivuta oksijeni safi kwa vipindi vya dakika 20 vinavyokatwa na mapumziko ya hewa ya kawaida ya dakika 5. Kisha mgandamizo hupunguzwa taratibu huku akiendelea na oksijeni. Jedwali linalotumika zaidi duniani, la wanamaji wa Marekani, huchukua saa 4 na dakika 45. Mara nyingine hurudiwa siku zinazofuata. Masikio huziba kama kwenye mbizi, na ndani kuna joto mwanzoni. Hakuna maumivu.

Siku mbili zimepita na bado ana ganzi. Tumechelewa?

Mmechelewa, lakini mlango haujafungwa. Wapo wanaopata nafuu wakitibiwa siku kadhaa baadaye. Pigeni simu leo.

Na kinyume chake: akipata nafuu kamili kwa oksijeni botini, bado aonwe na daktari. Dalili hurudi.

Ndege yangu ya Nairobi ni kesho asubuhi. Naweza kuzamia leo?

Mwongozo unaofuatwa zaidi ni huu: baada ya mbizi moja isiyodai vituo, ngoja angalau saa 12, baada ya mbizi nyingi au siku kadhaa mfululizo, angalau saa 18, ikiwa mbizi ilidai vituo vya lazima, zaidi sana ya 18. Mimi huwaambia watu wangoje siku nzima, hesabu ya saa 24 haimchanganyi mtu. Baadhi ya ndege ndogo zinazotua Malindi na Manda hazina kabini iliyoshindiliwa hewa kabisa, kwa hiyo usifikirie kwamba ndogo ni salama kuliko kubwa.

Nitakwenda kwa basi au SGR. Basi hakuna tatizo?

Lipo, na ni swali ambalo watu wa kwetu wanastahili jibu lake kuliko la ndege. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa karibu sehemu moja kwa sita kuliko ya Malindi. Treni au basi la usiku linakupandisha huko kwa saa chache tu, na mwili haujali kama ulipanda kwa mabawa au kwa reli. Mtoto wa bara aliyekuja kujifunza kuzamia wakati wa likizo, akamaliza mbizi yake saa tisa alasiri na kupanda basi saa mbili usiku, amefanya jambo lile lile analokatazwa abiria wa ndege. Lala usiku mmoja zaidi. Mombasa, Kilifi, Watamu, hapo pote nenda utakapo.

Mimi hupiga mbizi kwa pumzi yangu kutafuta kamba. Hili linanihusu?

Kwa kiasi kidogo, ndiyo. Pumzi moja haina naitrojeni nyingi, lakini mbizi ndefu zinazorudiwa kutwa, bila kupumzika juu, hujumlika. Wazamiaji lulu wa visiwa vya Tuamotu huko Polinesia walikuwa na jina lake kabisa, taravana: kizunguzungu, kupooza, hata kifo, baada ya kushuka mita 30 na zaidi tena na tena. Kamba wengi wa Kizingitini na Faza wako kwenye maji mafupi kuliko hayo, lakini anayewafuata kwenye mwamba wa nje apumzike juu angalau mara mbili ya muda aliokaa chini.

Kinachokuwinda zaidi wewe ni kuzimia karibu na juu, hasa ukihema haraka haraka kabla ya kushuka ili "kujaza pumzi". Kuhema huko hakujazi kitu cha maana. Huondoa kengele inayokuambia upande. Na usiende peke yako.

Usipige mbizi ya pumzi siku ile ile uliyozamia na mtungi.

Na wanaotumia kompresa na mpira?

Hao ndio ninaowahofia kuliko wote. Kompresa haiishi hewa kama mtungi, kwa hiyo hakuna kinachomwambia mtu apande. Anakaa mpaka achoke au kapu lijae. Hana kompyuta, hajui kina. Moshi wa injini ukivutwa kwenye kiingizio cha hewa humtia sumu juu ya yote hayo. Kwenye pwani ya Wamiskito, Honduras na Nicaragua, wazamiaji wa kamba wasiohesabu muda wao chini wamebaki vilema kwa wingi, vijana wa miaka ishirini na kitu wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Tajiri anayekuletea kompresa akikuahidi bei nzuri ya jongoo bahari, mwulize nani atalisha watoto wako ukipooza.

Nizamie nikiwa nimefunga Ramadhani?

Mwili uliokauka maji hudhaniwa kuwa hatarini zaidi, na jua la kaskazi juu ya boti hukausha haraka. Kama kazi yako inaruhusu, baki juu mwezi huu, au zamia maji mafupi asubuhi, mara moja. Kama umeugua na umeambiwa unywe, mgonjwa ana ruhusa. Masheikh watakuambia vivyo hivyo.

Nilifuata kompyuta barabara na bado niliumwa. Inawezekanaje?

Inawezekana, na hutokea. Kompyuta haipimi damu yako. Inakisia kwa kutumia kina na muda. Haijui kwamba ulipigana na mkondo dakika kumi, kwamba hukulala, kwamba ulikunywa jana usiku. Haijui pia kuhusu tundu dogo moyoni ambalo karibu mtu mmoja kwa wanne huwa nalo tangu tumboni mwa mama na halimsumbui maishani, lakini linaweza kupitisha mapovu kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto bila kuchujwa na mapafu. Usimwite aliyeugua mzembe. Lawama ndiyo inayowafanya wengine wafiche dalili.

Unaweza kujipunguzia hatari kwa kuzamia ndani ya mipaka badala ya kuigusa. Mbizi ya kina kirefu iwe ya kwanza, ya pili iwe ya maji mafupi. Kwenye mita 30, majedwali mengi ya burudani hukupa dakika 20 tu, kwa hiyo panda kabla. Kisha acha saa nzima au zaidi juu ya maji.

Mjamzito anaweza kuzamia na mtungi?

Hapana. Kuogelea juu na maski kwenye hifadhi ya Malindi kunamtosha, na samaki ni wale wale.

Nikipona, nitarudi baharini lini?

Daktari mwenye ujuzi wa uzamiaji ndiye atakayesema, na mara nyingi jibu ni wiki kadhaa kwa aliyeumwa maungio tu na akapona kabisa, na muda mrefu zaidi kwa aliyeguswa neva. Aliyebaki na ganzi au mguu dhaifu kwa kawaida hurudi kama nahodha au mkufunzi wa juu ya maji. Aliyepatwa mara mbili kwenye mbizi za kawaida apimwe moyo kabla ya kugusa mtungi tena, na kipimo hicho hufanywa na daktari wa moyo Mombasa au Nairobi.